Ruzuku ya simu

Ruzuku ya simu ni sehemu ya bei ya simu ya mkononi ambayo kampuni ya mtandao humlipia mteja, kisha hujirudishia kidogo kidogo kupitia ada za mkataba. Nchini Marekani, iPhone 3G ya GB 8 ilitoka mwaka 2008 kwa dola 199, mradi mnunuzi afunge mkataba wa miaka 2 na kampuni ya mtandao ya AT&T. Toleo lililotangulia lilikuwa dola 399. Unafuu huo ulikuwa wa machoni tu: ada ya data ilipanda kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi, yaani nyongeza ya dola 240 hadi mkataba uishe. Aliyeuvunja alitozwa faini, na simu ilifungwa isipokee laini nyingine. Mwaka 2013 kampuni nyingine ya mtandao, T-Mobile, iliachana na mfumo huu kwa kutenganisha deni la simu na ada ya huduma.