Jengo la biashara: ujue unanunua nini kabla ya kutoa pesa

Swali hili huja kila baada ya mirathi. Kiwanja cha marehemu kimeuzwa, kila mrithi ameshika fungu lake, na mmoja wao anauliza: "Niziweke wapi pesa hizi zisiishe?" Vijana wetu walioko Ghuba, wanaotuma akiba nyumbani, nao huuliza hivyo hivyo. Jibu la barazani ni moja: "Nunua jengo la biashara, ukae ule kodi."

Jibu hilo si baya, ila ni pungufu. Majengo ya biashara yana aina nyingi, na kila aina ina mpangaji wake. Ukinunua jengo umejifunga na riziki ya mpangaji huyo. Kazi yake ikisimama, kodi yako husimama. Basi tuzipitie aina hizo moja moja.

Duka la mtaani

Hili ndilo tulijualo zaidi: duka la Biashara Street, Mwembe Tayari, au lililo chini ya ghorofa kule Mtwapa. Mtaji wake ni mdogo kuliko wa aina nyingine, na mpangaji akihama, mwingine hupatikana upesi.

Lakini sheria inamlinda sana mpangaji. Chini ya Sura ya 301, upangaji wa duka, hoteli au mkahawa usio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5, hauvunjwi kwa neno la mdomo. Kupandisha kodi au kumtoa mpangaji kunataka notisi rasmi ya angalau miezi 2, na akipinga, kesi huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana utaona mikataba mingi ya miaka 5 na miezi 3. Ukinunua duka lenye mpangaji, unampokea na kodi yake ya zamani. Uliza pia kama alilipa gudwili, ile pesa ya kuingilia dukani ambayo wazee waliita kilemba, na alimlipa nani.

Jumba la maduka

Jumba la maduka husimama kwa nguzo moja, nayo ni supamaketi. Watu huja kwa supamaketi, na maduka madogo hula kwa wapita njia hao. Nakumatt ilipoporomoka kuanzia mwaka 2017, hadi wadai wake wakaamua Januari 2020 ifungwe kabisa, wenye majumba nchini walibaki na kumbi tupu, na maduka ya pembeni yakakosa wateja.

Siku hizi waweza kununua chumba kimoja ndani ya jengo na kupata hati yako mwenyewe, chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo. Kabla ya kununua, uliza mkataba wa supamaketi umebakisha miaka mingapi, na gharama za ulinzi, lifti na usafi ni kiasi gani kwa mwezi. Hizo utalipa hata chumba chako kikiwa kitupu.

Ofisi

Mpangaji wa ofisi, awe wakili, benki au shirika, hutia saini mkataba mrefu na hulipa kwa utaratibu. Taabu ni siku anayoondoka. Duka hujazwa kwa wiki, ofisi yaweza kukaa mwaka. Tangu korona watu wengi wamejifunza kufanyia kazi nyumbani, na kampuni zinataka nafasi ndogo.

Godauni

Godauni ni aina ya Mombasa hasa, kwa sababu ya bandari. Ujenzi wake ni rahisi: sakafu imara, bati, lango la kupita lori. Matengenezo ni machache na wapangaji hukaa muda mrefu.

Marehemu baba yangu alikuwa na godauni moja dogo Changamwe, amepangisha kampuni ya kutoa mizigo. Kwa miaka mingi kodi ile ilitulipia karo. Treni ya mizigo ya SGR ikaanza mwaka 2018, na mwaka 2019 likatoka agizo kwamba mizigo ya Nairobi na bara isafirishwe kwa reli na itolewe bandari kavu ya Nairobi. Mpangaji wetu akafunga, akaondoka na kodi ya miezi minne. Godauni halikuwa na kasoro, wala sisi hatukukosea hesabu. Kazi ndiyo iliyohama. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais Ruto alitangaza kurudisha utoaji mizigo Mombasa, lakini godauni letu lilikuwa limeshauzwa kwa bei ya huzuni.

Somo: mwenye godauni hufuata siasa za bandari kama mvuvi anavyofuata upepo.

Hoteli na nyumba za wageni

Huku hupokei kodi, unafanya biashara. Desemba na Agosti vyumba hujaa, Mei hulia. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa, na watalii wakasafirishwa kwao kabla ya siku zao. Mwaka 2020 korona ikafunga hoteli. Anayeingia huku awe na akiba ya kulipa mishahara na umeme miezi kadhaa bila mgeni. Na kama humo utampangishia mtu mwingine, mkataba useme wazi kitakachouzwa na kisichouzwa.

Hisa za majengo

Asiye na mamilioni ana njia ya REIT: watu huchangisha fedha, msimamizi hununua majengo, na kodi hugawanywa kwa hisa. Kenya iliweka kanuni zake mwaka 2013, na Fahari ikaingia soko la hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa hisa. Mwaka 2023 wenye hisa wadogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11, na mwaka 2024 ikaondoka kwenye soko kuu. Kwa hiyo usidhani kuwa na wasimamizi wasomi ni kinga. Uliza majengo ni yapi, wapangaji ni nani, na kama kuna mikopo ya riba ndani yake.

Mtego wetu wa Pwani

Hapa kwetu kuna jambo ambalo mgeni hulistaajabia: nyumba ni ya mmoja, ardhi ni ya mwingine. Majengo na Bondeni ziko nyumba za hivyo, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi. Ukinunua duka la namna hiyo umenunua kuta. Kwa hiyo fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata arubuni. Chunguza pia kama ni mali ya wakfu, kwa maana wakfu hauuzwi. Na Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, hubomoi wala hujengi bila idhini.

Hesabu kabla ya furaha

Tuseme duka ni shilingi milioni 12 na kodi ni 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 960,000, yaani asilimia 8. Toa miezi 2 ya kukaa tupu, zabaki 800,000. Toa 120,000 za ukarabati, malipo ya kaunti na wakala, zabaki 680,000. Hiyo haifiki asilimia 6, na ushuru wa mapato bado.

Ushuru nao hutofautiana. Ile asilimia 7.5 ya KRA ni ya nyumba za kuishi. Kodi ya biashara huingia kwenye ushuru wa kawaida wa mapato, na mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hutoza VAT ya asilimia 16. Wakati wa kununua mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani.

Anayekimbia riba asikate tamaa. Tangu mwaka 2008 tuna benki za Kiislamu nchini, ambako benki hununua pamoja nawe, nawe ukainunua sehemu yake kidogo kidogo. Linganisha jumla utakayolipa mpaka mwisho, usiangalie jina pekee.

Nimalizie nilipoanzia. Watoto wanane hawawezi kugawana duka moja kwa ukuta, lakini wanaweza kugawana kodi yake kwa mafungu ya sharia, mwezi baada ya mwezi, mradi mmoja aaminiwe na hesabu iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hamjauza cha mzee ili mkatafute pa kuweka pesa, tazameni kwanza kama alichoacha si ndicho hicho mnachokitafuta.