Udongo wa Mjamzito

Kwenye magenge ya Kinyerezi, Dar es Salaam, karibu na ndimu na ukwaju, hukosi udongo wa kula: vipande vikavu vya kijivu, vyenye harufu ya mvua ya kwanza. Wanunuzi wengi ni wajawazito wa miezi ya mwanzo, wanaotafuta kitu cha kutuliza kichefuchefu.

Uraibu huu ni wa zamani. Mwaka 1870, akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, mmisionari na msafiri David Livingstone aliandika kwamba wajawazito wa huko walikula udongo, na kwamba ule wa ukutani ndio uliopendwa zaidi. Alieleza pia safura, jina la Zanzibar la ugonjwa wa kula udongo, uliowapata watumwa na matajiri vilevile. Dawa ya ugonjwa huo? Mavi ya chuma yaliyochomwa hadi yakawa mekundu, yakatumbukizwa kwenye siki ya mnazi.

Waliotumia dawa hiyo hawakubahatisha sana: siki huyeyusha chuma, na mwenye upungufu wa damu mara nyingi huhitaji madini hayohayo.

Leo kliniki hugawa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, na wauguzi huonya kuwa udongo unaweza kuwa na mayai ya minyoo au risasi. Wateja wa genge wanalijua hilo, na bado wananunua.