Siku Klorini Ilipoingia Bombani

Kwa karne nyingi watu waliyapima maji kwa macho. Kando ya Mto Nile nchini Sudan, akina mama walitwanga mbegu za mlonge na kuzikoroga mtungini. Kwingine walitumia shabu. Vyote viwili hufanya kazi moja. Chembe za udongo zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kubaki zikielea. Protini za mlonge, kama ilivyo alumini ya shabu, zina chaji chanya: huzinasa chembe hizo, zikashikamana na kuzama. Maji hubaki maangavu. Vijidudu vingi huzama pamoja na tope, lakini vinavyosalia vinatosha kuua.

Hatari hiyo ilifika mahakamani huko Jersey City, Marekani: jiji liliishtaki kampuni iliyolijengea bwawa la Boonton, kwa sababu maji hayakuwa safi nyakati zote kama mkataba ulivyotaka. Kampuni ikatakiwa irekebishe. Mshauri wake, Dkt. John Leal, akachagua chokaa ya klorini, dawa ambayo watu waliijua kwa kung'arishia nguo na kukomesha uvundo wa vyoo. Wananchi hawakuulizwa. Tarehe 26 Septemba 1908, mitambo iliyosanifiwa na mhandisi George Warren Fuller ikaanza kuitia dawa hiyo katika maji ya jiji zima.

Kesi iliporudi mahakamani, Leal aliulizwa kama angethubutu kuipa familia yake maji yale. Akajibu kwamba anaamini hakuna maji salama zaidi duniani. Mwaka 1910 uamuzi ukampa haki, na miji mingine ikafuata. Kwa kemia alikuwa sahihi kabisa. Lakini naamini watu walistahili kuelezwa kabla ya kunyweshwa, maana hofu ya harufu ya klorini ingalipo majumbani hadi leo, na maelezo yake si magumu.

Klorini ikiingia majini huzaa asidi ya haipoklorasi. Asidi hiyo haina chaji, hivyo hupenya ukuta wa kijidudu kwa urahisi na kuharibu mifumo yake ya ndani. Inahitaji kama dakika 30. Tope na majani yaliyooza huimaliza kabla haijafika kwa vijidudu; ndiyo sababu maji machafu hutuamishwa na kuchujwa kwanza, kisha yakatiwa dawa. Klorini kidogo inayosalia, yenye harufu ile inayolalamikiwa, ndiyo inayoulinda mtungi mtu anapochovya kikombe kichafu.