Vitanda vya Kericho na Deni la Kenya

Mwaka 1996 Benki ya Dunia na IMF zilianzisha mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zilizolemewa na madeni. Orodha ya mwanzo ilikuwa na nchi 41, na Kenya ilikuwemo. Uganda ikawa ya kwanza kufika mwisho wa safari hiyo, Aprili 1998. Tanzania ikafika Novemba 2001. Na Kenya je? Kenya, pamoja na Angola, Vietnam na Yemen, iliambiwa kwamba mzigo wake unabebeka. Jirani wa kushoto kasamehewa, wa kulia kasamehewa, sisi wa katikati tukaambiwa tuendelee kulipa.

Mimi ni mtu wa huku kwenye majani chai, na kwa muda mrefu nilidhani hayo yalikuwa mambo ya Nairobi tu. Wanasiasa wetu walikuwa na sifa zao, na Goldenberg kila mtu aliijua. IMF ilikuwa imefunga mfuko wake kwa Kenya mwaka 1997 kwa sababu ya ufisadi. Lakini ukiisoma hesabu yenyewe unakuta Kericho na Bomet zimo ndani yake, tena mahali pa maana.

Hesabu ilikuwa hivi. Deni la nchi halikupimwa kwa njaa ya watu wake. Lilipimwa kwa kulinganishwa na fedha za kigeni ambazo nchi inapata kwa kuuza bidhaa na huduma nje. Mwanzoni mstari ulikuwa asilimia 200 hadi 250. Mwaka 1999 ukashushwa hadi 150. Deni likipita mstari, unahurumiwa. Lisipopita, pole sana. Sasa, katika hizo huduma zinazouzwa nje, utalii umo. Mjerumani akilala Diani wiki mbili, au akimpiga picha simba kule Mara, inaandikwa kwamba Kenya imeuza kitu nje, ingawa hakuna kilichovuka bandari. Ongeza chai yetu inayopigwa mnada Mombasa kwa dola. Hizo si sababu pekee, lakini ndizo zilizomfanya Mkenya aonekane kama mtu mwenye duka, ambaye hapewi unga wa msaada hata kama watoto wake wanalala njaa.

Na duka lenyewe! Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 utalii ulikuwa umeipita kahawa na umeipita chai katika kuleta fedha za kigeni. Ila wageni wengi walikuwa wamelipia safari nzima London au Frankfurt kabla hawajapanda ndege: tiketi, kitanda, chakula, hata gari la kuzungukia mbuga. Sehemu ya pesa hizo haikufika Kenya kabisa. Chai nayo, zile kampuni kubwa za mashamba zilikuwa na wenyewe ng'ambo.

Kericho mjini kuna Tea Hotel, na ukitaka kuielewa historia hii, anzia hapo. Brooke Bond waliijenga miaka ya 1950, wakati wakoloni bado wapo. Nyasi zimekatwa vizuri, mashamba ya chai yako nyuma tu, hewa ni ya baridi. Msafiri wa kwenda Kisumu au Uganda alipumzika hapo, akanywa chai huku akiangalia chai. Baadaye ikaingia mikononi mwa umma, na kwa miaka mingi sasa imechakaa. Watu wa mji huisikitikia kama mzee aliyekuwa na cheo zamani.

Ile mandhari aliyokuwa akiiangalia mgeni ina historia yake pia. Ni ardhi ya Wakipsigis, iliyochukuliwa kabla ya kampuni kuja kupanda chai kwa wingi miaka ya 1920. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, karibu na ziwa, kwenye mbung'o na malaria. Hiyo haimo kwenye kadi za posta.

Kogo wangu alichuma majani miaka mingi. Alikuwa akisimulia jinsi magari ya watalii yalivyosimama kando ya barabara, wazungu wakashuka, wakawapiga picha, wakapunga mkono, wakaondoka. "Kwani kwao hakuna majani?" aliuliza. Kikapu kikapimwa jioni, akalipwa kwa kilo. Za picha hakulipwa, lakini naamini picha hizo ziliuza tiketi.

Upande wa Bomet jambo ni kubwa zaidi, kwa sababu ni maji. Mto Nyangores unatoka Mau, unapita Tenwek, ambako maporomoko yake huizalishia hospitali stima, unapita Bomet mjini, halafu unakutana na Amala, ule wa Mulot. Wakishakutana wanaitwa Mara. Ndio mto ambao nyumbu huuvuka na dunia nzima huja kuona. Mtalii wa kutoka Nairobi akipita Narok hukata kushoto pale Ewaso Ng'iro kwenda mbugani. Bomet iko mbele kwenye barabara ileile, lakini hafiki. Ada ya lango hukusanywa Narok. Mkulima wa juu anayeambiwa asilime hadi ukingoni mwa mto hapati hata senti.

Halafu mwaka 2001, mwaka uleule Tanzania iliposamehewa, serikali yetu ilimega zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau na kuruhusu watu wakae. Baadaye baadhi yao wakafukuzwa, nyumba zikachomwa, watoto wakalala kando ya barabara. Sisemi msitu usilindwe. Nasema msitu huo ni mtaji wa biashara ambayo nchi iliihesabu mbele ya wadai wake, na anayeutunza hakuwahi kuonekana kwenye hesabu.

Isitoshe, mapato yenyewe huyumba. Agosti 1997 vita vya Likoni vikawakimbiza watalii wa pwani. Agosti 1998 bomu likalipuka Nairobi. Januari 2008 nyumba za wafanyakazi zilichomwa kwenye mashamba ya chai Kericho, watu wakakimbia na magunia, na siku hizohizo hoteli za Mombasa zikabaki tupu. Chai na utalii, vyote viwili vilianguka kwa wiki chache. Deni halikuanguka.

Kenya ilirudi kwa wadai wa Klabu ya Paris mwaka 2000, ikarudi tena 2004. Ilipangiwa upya tarehe za kulipa.