Khan wa Star Trek, Kahawa ya Mbinga na Woga wa Mbegu

Tarehe 16 Februari 1967, siku kumi na moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Wamarekani waliokuwa mbele ya tivii zao waliletewa jamaa mmoja hatari kweli kweli. Ilikuwa episodi ya Star Trek inayoitwa "Space Seed". Wanaanga wanakuta chombo cha kizamani kinaelea tu, ndani yake kuna watu zaidi ya sabini waliolala kwa karne mbili. Bosi wao, Khan, anaamshwa. Handsome, msomi, ana nguvu za watu watano. Anamteka kimapenzi mwanahistoria wa chombo, kisha anakiteka chombo chenyewe kabla ya kuzidiwa ujanja. Kumbe huyu si mtu wa kawaida: alizalishwa kwa mpango, na kati ya 1992 na 1996 alitawala zaidi ya robo ya dunia.

Bongo nani aliiona? Hakuna. Bara tulisubiri tivii mpaka 1994, na vijana wengi wa sasa wanamjua Khan wa filamu ya 2013. Lakini picha ile ya binadamu aliyetengenezwa akawageuka waliomtengeneza ilisafiri, na mpaka leo mtu akisikia GMO, kichwani linakuja zimwi.

Sasa sikia hii, maana hata mashabiki wakubwa huwa inawapita. Kwenye episodi ile ya 1967 hakuna mtu aliyechezea jeni. Isingewezekana kirahisi, kwa sababu kuunganisha DNA za viumbe tofauti maabara kulifanikiwa 1972 na 1973. Waandishi wa Khan walisema alitokana na kuzalisha kwa kuchagua: mzazi bora kwa mzazi bora, unachagua watoto, unarudia. Uhandisi jeni aliongezewa baadaye, kwenye filamu ya 1982.

Na kuzalisha kwa kuchagua ndiko kulikoikoa kahawa ya Mbinga.

Kule juu kwa Wamatengo, milima imechimbwa ngolo, yale mashimo ya mraba yanayozuia mvua isikokote udongo, na kahawa ya arabika ndiyo iliyojenga nyumba za bati na kulipa ada. Aina za zamani, N39 na KP423, zilikuwa na kikombe kitamu lakini mwili dhaifu. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yangali mabichi, uligunduliwa Kenya 1922 na ukaingia Tanzania miaka ya 1960. Ongeza kutu ya majani. Mkulima akawa anapiga dawa msimu mzima, na bei ya kahawa ikianguka, hela ya dawa haipo. Unakaa unaangalia matunda yanageuka meusi.

Watafiti wa Lyamungo, Kilimanjaro, ambao majina yao hayapo kwenye bango lolote, walifanya kazi ya Khan taratibu mno. Unafungua ua kabla halijachanua, unatoa sehemu za kiume, unapaka chavua ya mti unaoutaka, unafunika. Halafu unasubiri kama miaka mitatu uone tunda la kwanza. Halafu unaanza tena. Baadhi ya ukinzani ulitoka kwenye mti wa kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta zilijamiiana zenyewe bila kuombwa. Na arabika yenyewe ni chotara wa asili wa miti miwili ya Afrika. Yaani kila kikombe unachopiga picha ukaposti kina damu ya mchanganyiko tangu zamani.

Mwaka 2005 chotara za kwanza zikatolewa rasmi na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ambayo Mbinga ina kituo chake pale Ugano. Haziotwi kwa mbegu. Unakata kikonyo kwenye mti mama, unakiotesha, unapata mti uleule. Kloni kabisa! Dunia ilipigwa butwaa 1997 kwa kondoo Dolly wa Scotland, wakati mkulima wa Mbinga sasa ana shamba zima la pacha na anawapalilia bila hofu.

Hatari ipo, ila si ya Khan. Miti inayofanana kwa kila kitu hufa kwa kufanana pia: ugonjwa ukipata ufunguo wa mmoja, umepata wa wote. Ndiyo maana zilitolewa aina kadhaa, si moja.

Kwenye mahindi mambo yakawa moto zaidi. Oktoba 2016, Makutupora, Dodoma, yalipandwa mahindi ya majaribio yenye jeni ya bakteria ili yavumilie ukame, chini ya mradi wa WEMA ulioihusisha Monsanto. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame, na Januari 2021 waziri wa kilimo akayafuta. Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO 2012, baada ya picha za panya wenye uvimbe kutoka utafiti wa Ufaransa kuzunguka dunia. Utafiti ukaondolewa na jarida lake mwaka uliofuata. Marufuku ikakaa mpaka Oktoba 2022. Picha ina nguvu, Khan ni shahidi.

Wenye shaka walikuwa na swali ambalo panya hawakulihitaji: mbegu ni ya nani? Ila hilo halikuanza na GMO. Mahindi chotara ya kawaida, ya pakiti, ukirudia kupanda punje zake mazao yanashuka, kwa hiyo kila Novemba unarudi dukani. Kikonyo cha kahawa ukishakipanda ni chako kwa miaka mingi, na vikundi vya wakulima wanaotesha vyao.

Teremka Litumbandyosi, wilaya hiyohiyo ya Mbinga, ambako mahindi ndiyo ugali. Kwa mama asiye na hela ya pakiti, maabara ni jikoni. Baada ya mavuno anachagua mahindi makubwa, yenye mistari iliyonyooka na punje zilizojaa, anayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya mafiga, moshi uyapige mpaka mvua za kwanza.