Maganda ya Salaita

Mzee mmoja wa Taveta alinimwagia kopo la Kimbo juu ya mkeka: maganda ya risasi, shaba imeshika kutu ya kijani. "Haya ya Mjerumani, mjukuu wangu. Haya ya Mwingereza." Hakuhitaji hata miwani.

La Mjerumani ni nene. Vita vilipoanza 1914, askari wengi wa Schutztruppe bado walikuwa na Mauser za mtindo wa 1871, za milimita 11. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 25 hivi, na baruti nyeusi iliyotoa moshi mzito. Ukifyatua tu, adui keshajua uko kichaka gani! Ganda la Mwingereza, la .303, ni jembamba zaidi, na baruti yake haikumchongea mtu namna hiyo. Kitakoni limepigwa alama za kiwanda na mwaka. Waafrika waliobeba masanduku yake porini hawakupigiwa muhuri wowote. Wamebakia majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi.

Sasa shida yangu ni hii. Novemba 1914 Waingereza walishindwa Tanga, wakakimbilia melini na kuacha mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa. Von Lettow-Vorbeck akawagawia watu wake. Kwa hiyo ganda la .303 halisemi nani alifyatua. Kinachosema ni mahali lilipolala.

Na Salaita mahali ni kila kitu. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini ya kilima. Wanajeshi wa Afrika Kusini wakaingia mzimamzima, wakarudishwa nyuma.

"Hili liliokotwa wapi, babu?"

"Kule kilimani."

"Kileleni au chini?"

Akanicheka. "Watoto ndio huokota. Wageni kama wewe wananunua, basi wao wanaleta."

Kama mimi. Nilitaka kumwambia asinunue tena kwa watoto, wala wasiguse risasi nzima, maana hata ya zamani hulipuka. Hilo la pili nilimwambia. La kwanza lilinikwama, pesa nishaishika mkononi.

Nimelilipia. Nyumbani nimelifungia kikaratasi: "Salaita, .303, upande haujulikani."