Teke la Bunduki Kuukuu: Ufyatuaji, Shabaha na Vita katika Njia ya Unyamwezi na Usukuma, 1858–1893

Katika maandishi ya wasafiri na maofisa wa Kizungu waliopita Unyamwezi na Usukuma katika nusu ya pili ya karne ya 19 limo lalamiko linalojirudia, kwamba Mwafrika mwenye bunduki hakujua kulenga. Anaelezwa akiwa ameishika silaha kiunoni, au kwa mikono iliyonyooshwa, uso ameugeuza pembeni, akifyatua bila kutazama. Maelezo hayo yamerithiwa na baadhi ya waandishi wa baadaye, wakayafanya ushahidi kwamba bunduki ziliongeza kelele za vita bila kuvibadili vita vyenyewe. Makala haya hayakanushi kwamba watu walifyatua hivyo. Yanachokanusha ni tafsiri. Hoja yake ni kwamba namna ile ya kufyatua lilikuwa jibu la busara kwa aina ya bunduki iliyowafikia, na kwamba bila kuielewa bunduki hiyo hatuwezi kuvielewa vita vya enzi ya Mirambo.

Eneo linalohusika ni ukanda ulio kati ya Tabora na Ziwa Viktoria, ambamo Mwakitolyo ya leo imo. John Hanning Speke aliupita Julai 1858, akitoka Kaze kupitia Msalala, Nindo na Salawe, akalifikia ziwa tarehe 3 Agosti. Wakati huo bunduki katika ukanda huo zilikuwa chache, nyingi zikiwa mikononi mwa walinzi wa misafara. Miaka 30 baadaye hali ilikuwa tofauti kabisa.

Sababu ya mabadiliko hayo ilikuwa Ulaya. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria huko Königgrätz kwa bunduki inayojazwa kwa nyuma, na mwaka huohuo Uingereza ilipokea bunduki ya Snider na Ufaransa ile ya Chassepot. Silaha za kushindilia kwa mdomo, zilizojaa katika maghala ya majeshi, ghafla zikawa takataka zenye bei. Ziliuzwa kwa jumla, zikapelekwa pwani za Afrika pamoja na bunduki nyepesi zilizotengenezwa Liège mahususi kwa biashara hiyo. Kufikia mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Ni makadirio ya mtu aliyekuwa na sababu za kisiasa za kutia chumvi, lakini hata tukiyakata nusu, idadi inabaki kubwa.

Je, bunduki hizo zilikuwaje mkononi? Tuanze na kifyatulio. Katika gumegume, nyundo inayobeba jiwe ilipaswa kukipiga chuma kwa nguvu ya kutosha kutoa cheche. Kamani yake kwa hiyo ilikuwa ngumu. Mtambo ukishalika na kupata kutu, kidole kilihitaji kuvuta kwa nguvu nyingi, na kila nguvu ya ziada ya kidole huupeleka mtutu pembeni. Isitoshe, baada ya nyundo kuanguka, baruti ya kuwashia ilipaswa kushika moto kwanza, kisha moto upenye tundu na kuufikia mzigo ndani ya mtutu. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha kumfanya mpigaji ajikunje akingojea kishindo. Cheche zilirukia karibu kabisa na jicho. Bunduki ya fataki iliondoa sehemu ya kungojea, ila vipande vya shaba viliweza kuruka kutoka kwenye fataki iliyopasuka. Mtu aliyeugeuza uso hakuwa mwoga. Alikuwa akiyalinda macho yake.

Kisha teke lenyewe. Tuchukue risasi ya gramu 30 inayotoka kwa mwendo wa mita 300 kwa sekunde. Bunduki ya jeshi yenye uzito wa kilo 4.5 itarudi nyuma kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, bila kuhesabu uzito wa baruti. Nishati ya teke hilo ni jouli 9. Bunduki ya biashara, au ile iliyokatwa mtutu, yenye kilo 3, itarudi kwa mita 3 kwa sekunde, na nishati yake itafika jouli 13.5. Uzito umepungua kwa theluthi moja, maumivu yameongezeka kwa nusu. Na hapo hatujazungumzia ukubwa wa mzigo. Baruti iliyosafiri kwa miezi kichwani mwa wapagazi, ikipita mvua na mito, haikuaminika. Aliyetaka kuwa na hakika alizidisha kipimo, akashindilia kwa mdeki. Siku baruti ilipokuwa nzuri, kitako kiliweza kuumiza bega vibaya, na mtutu wenye kutu uliweza kupasuka karibu na shavu.

Mikono iliyonyooshwa huiacha bunduki irudi umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama, na hivyo nguvu ya pigo husambaa. Ikipasuka, iko mbali na kichwa. Kwa maneno mengine, mpigaji aliitumia bunduki ndefu kama bastola, ambayo kwa umbo lake haina bega la kuegemea. Gharama ya uamuzi huo ni shabaha. Mtutu ukipotoka kwa nyuzi 5 tu, risasi itakosa lengo kwa karibu mita 9 kwenye umbali wa mita 100. Kwenye mita 10 itakosa kwa chini ya mita moja, na mtutu ukiwa umeshindiliwa vipande kadhaa vya chuma badala ya risasi moja, kosa hilo halina uzito mkubwa.

Hapa ndipo mbinu za vita zinapopata maana. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, Stanley akiwa pamoja nao, walianza vita dhidi ya Mirambo. Kikosi cha Saud bin Said kilikiteka kijiji cha Wilyankuru, kikaanza kurudi kikiwa kimebeba nyara. Mirambo aliwaficha watu wake katika nyasi kando ya njia, pande zote mbili. Saud aliuawa pamoja na Waarabu wenzake. Wiki chache baadaye, Khamis bin Abdulla naye aliuawa Tabora kwenyewe. Kwa kawaida ushindi huu huelezwa kwa kipaji cha Mirambo na kwa mbinu zilizotoka kwa Wangoni, na sina sababu ya kulipinga hilo. Ninachoongeza ni kwamba shambulio la ghafla kutoka nyasini, kwa hatua chache, mlipuko mmoja kisha mikuki, ndilo pambano ambamo udhaifu wa bunduki kuukuu haumdhuru mwenye nayo. Warugaruga walichagua umbali uliozifaa silaha zao.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba mafunzo yangetosha, kwa kuwa askari wa Ulaya walifyatua silaha hizohizo kutoka begani kwa zaidi ya karne moja. Ni kweli, lakini walifyatua zikiwa mpya, zikiwa na fundi wa kikosi, na kwa baruti iliyopimwa na kufungwa katika karatasi. Kilichouzwa Unguja kilikuwa chuma kitupu, bila utaratibu huo uliokizunguka. Mafundi wa chuma wa ukanda huu, wakiwamo Warongo wa Geita, walikuwa hodari wa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Lakini kamani ya chuma kigumu ni kazi ya namna nyingine.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza silaha za kisasa kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila uliacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida. Waliouandika walijua walichokuwa wakikiruhusu. Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome ya Isike wa Unyanyembe, yeye alijaribu kujilipua katika ghala lake la baruti. Walimkuta bado hai, wakamnyonga. Hazina ile ya baruti aliyoijenga kwa miaka mingi haikuweza kuzuia mizinga iliyopiga kutoka mbali, yaani nje ya umbali ule ambao bunduki zake ziliufaa.

Hadi sasa hoja hii inasimama juu ya maandishi ya wageni na juu ya hesabu. Ushahidi ambao ungeipima vizuri zaidi uko ardhini: mawe ya gumegume, vipande vya mitutu iliyopasuka, risasi za chuma zilizofuliwa mahali pasipo na madini ya risasi, na hasa jinsi vitu hivyo vilivyotawanyika kuzunguka mahame ya maboma, kwani mtawanyiko huo ndio ungeonyesha umbali wa mapambano. Mwakitolyo na vijiji jirani udongo unafukuliwa kila siku na wachimbaji wadogo wa dhahabu, wala haiwezekani kuwataka waache riziki yao kwa ajili ya vipande vya chuma. Inawezekana, hata hivyo, kuwauliza wameokota nini na waliokota wapi, na kuyaandika majibu yao kabla mashimo hayajafukiwa.